Njoo na Dakika

Wanaopiga simu katika kipindi changu cha michezo redioni hapa Kagera wanajua nina swali moja linalowakera. Mtu akisema, "Yule beki wetu wa kushoto hamna kitu pale," namuuliza: dakika ya ngapi? Wapo wanaokata simu. Wapo wanaojibu hapohapo: dakika ya 63, winga wao kapokea mpira, beki kaganda katikati, hakumfuata mtu wala hakurudi kuziba. Huyo nampa muda wote anaoutaka, hata matangazo ya biashara yasubiri.

Jioni hii nataka kulieleza swali hilo, kwa sababu naamini ndilo linalotenganisha ukosoaji wa mchezaji na ubaguzi. Wengi wanadhani mpaka uko kwenye ukali: ukisema kwa upole umekosoa, ukifoka umebagua. Sivyo. Mchezaji wa kulipwa analipwa, na anayelipwa husemwa. Unaweza kumkosoa kwa maneno ya kumnyima usingizi na ukawa umemtendea haki. Tena unaweza kumsifu, kwa kicheko na kwa mapenzi, kumbe umembagua.

Nianze na hilo la sifa, maana linamhusu kijana wa damu ya jirani zetu. Mike Okoth Origi alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars ya Kenya. Akaenda Ubelgiji kucheza mpira wa kulipwa, akapita Oostende, kisha Genk, na mwaka 1999 akawa bingwa wa nchi ile akiwa na Genk. Mwanawe Divock alizaliwa kulekule Oostende mwaka 1995, akalelewa kisoka na Genk hiyohiyo, na baadaye akatua Liverpool. Usiku wa tarehe 7 Mei 2019 mnaukumbuka. Kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool ilikuwa imefungwa 3-0 na Barcelona kule Hispania, sasa wanarudiana Anfield. Origi akafunga la kwanza mapema, Wijnaldum akaongeza mawili. Dakika ya 79, Trent Alexander-Arnold anajifanya anaiacha kona, anageuka ghafla, anaichonga. Mabeki wa Barcelona bado wanapangana, wengine wamegeuza shingo. Ndani ya boksi yuko mtu mmoja aliye tayari, na mtu huyo ni Divock Origi. 4-0. Mwezi uliofuata akafunga tena kwenye fainali pale Madrid, dhidi ya Tottenham.

Lile bao la dakika ya 79 halikutaka msuli wowote. Lilitaka mtu anayesoma mchezo wakati mabingwa wa Hispania wamesinzia.

Sasa sikilizeni. Tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo Liverpool ikaenda Genk kwenye Ligi ya Mabingwa, nyumbani kabisa kwa kina Origi. Upande wa Genk siku hiyo alikuwepo Mbwana Samatta wetu, tena alifunga kwa kichwa, VAR ikalikataa bao kwa kuwa Junya Ito aliyepiga krosi alikuwa ameotea. Kabla ya mechi kuanza, mashabiki fulani wa Liverpool walitundika bango la kumsifu Origi. Waliweka nini? Uso wake umebandikwa juu ya mwili wa mwanamume aliye uchi, wenye maumbile ambayo siwezi kuyataja saa hizi watoto hawajalala. Bango likashushwa, na klabu yenyewe ikalilaani, ikasema picha ile inaendeleza dhana ya kibaguzi. Walioibuni sidhani kama walimchukia. Walimpenda. Nami nawauliza lile swali langu, dakika ya ngapi? Kijana aliwafikisha fainali kwa kuwa macho ndani ya boksi, wao wakaenda kusifia alichozaliwa nacho.

Msije mkadhani ni walevi wachache wa jukwaani. Mwaka 2020 kampuni ya utafiti ya Denmark iitwayo RunRepeat, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilisikiliza matangazo ya mechi 80 za ligi za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa, ikaandika kauli 2,073 za watangazaji kuhusu wachezaji. Uwezekano wa mchezaji mwenye ngozi nyeusi kutajwa kwa nguvu zake ulikuwa zaidi ya mara 6 ya mwenzake mwenye ngozi nyeupe, na kwa mbio zake zaidi ya mara 3. Ilipofika kwenye akili ya mchezo, asilimia 62.6 ya sifa zilikwenda kwa weupe.

Watangazaji wale ni watu wa heshima zao, wamevaa suti, wana chai mezani. Na sisi je? Jisikilizeni, nami nikiwemo. Straika akitoka Kongo ni "mwili nyumba", "baba la miraba minne". Anaweza kuwa na pasi za kufungua ngome ya nchi nzima, sisi tutahesabu mabega. Kocha akitoka Ulaya ana "falsafa", mzawa akishinda kombe lilelile ana "uzoefu".

Sifa za namna hii zimempunja hata Mtanzania aliyetisha kuliko wote katika riadha. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji aliyemaliza nyuma yake, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani. Zama zile fainali ya 1500 ilikuwa mchezo wa kuviziana: watu wanakwenda kwa kundi, kila mmoja anamtazama mwenzake, kasi inaachiwa mzunguko wa mwisho. Bayi akaondoka mbele tangu bastola ilipolia, akafungua pengo, akawalazimisha wote kukimbia mbio zake yeye. Ule ulikuwa mpango. Ulifanyiwa mazoezi, ulitaka moyo, na ulitaka hesabu ya kujua pengo lile litatosha mpaka wapi. Lakini mpaka leo nawasikia watu, na wala si Wazungu peke yao, wakiueleza ushindi ule kwa hewa ya nyanda za juu na mapafu ya kuzaliwa. Ingekuwa mapafu yanatosha, nusu ya Karatu kwao wangekuwa na rekodi ya dunia.

Bayi, kwa njia nyingine kabisa, alilipa gharama ya ubaguzi wa watu wengine. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 bila Bayi kuwepo. Naona Mwalimu Nyerere alikuwa sahihi kususa. Naona pia kwamba deni lile halikuwa la Bayi. Sijaona haja ya kuchagua moja.

Tuje kwenye lawama. Tarehe 11 Julai 2021, Wembley, fainali ya Euro, Uingereza na Italia wametoka 1-1, wanakwenda penalti. Marcus Rashford anagonga mwamba. Jadon Sancho na Bukayo Saka wanapanguliwa na Donnarumma. Usiku uleule kurasa zao za mtandaoni zikajaa picha za nyani na matusi ya rangi. Rashford baadaye aliandika maneno ambayo kila mchambuzi angepaswa kuyaweka karibu: kwamba penalti yake haikuwa nzuri na yuko radhi kukosolewa kutwa nzima kwa alivyocheza, ila hataomba msamaha kwa jinsi alivyo na alikotoka.

Ukija na dakika, mechi ile ina mjadala mzito. Rashford na Sancho waliingizwa ikiwa dakika ya 120, kwa ajili ya penalti tu, hawajauzoea mpira, miguu bado ya benchi. Saka alikuwa na miaka 19, akapewa penalti ya mwisho, ile ambayo ikikoswa nchi nzima inalala na njaa. Hapo unaweza kumkamata kocha Gareth Southgate ukambana mpaka asubuhi, na ukawa na haki. Wenye hasira ya mpira walikuwa na mengi ya kusema usiku ule. Wenye matusi hawakuwa na haja hata ya kuitazama mechi.

Upande wa pili wa jambo hili hatuupendi, lakini lazima tuuseme. Januari 2020 Samatta alisajiliwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Vibanda umiza vya Muleba mjini vikajaa watu ambao wiki moja kabla hawakuijua jezi ya Villa ina rangi gani. Akafunga dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari. Tarehe 1 Machi akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kichwa cha kuruka, ingawa City walishinda 2-1. Ikaja korona, ligi ikasimama, na iliporudi hakufunga tena. Mechi 14 za ligi, bao 1. Septemba alikuwa Fenerbahçe. Kule Uingereza wakasema anakosa nafasi na anapotea mchezoni. Huku vijiweni ikawa ni sauti moja: wanambagua kwa kuwa ni mweusi.

Hebu tuwe wakweli. Siku yake ya kwanza, marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Samatta alikosa nafasi ambayo alipokuwa Genk angeifunga amefumba macho. Hilo ni kweli, na aliyelisema hakumkosea. Ni kweli vilevile kwamba Villa ile ilikuwa inapigania kutoshuka, mipango yake karibu yote ilipitia kwa Jack Grealish, na mpira ulikuwa unafika mbele kwa nadra; mshambuliaji anayeishi kwa krosi alishinda na njaa. Moja ni kosa, la pili ni utetezi, na yote mawili yameshika mchezo wenyewe. Anayepiga yowe la ubaguzi hapo anamnyima Samatta kitu alichokifuata Ulaya, yaani kupimwa kama mshambuliaji, kwa kipimo kilekile anachopimwa nacho Harry Kane. Kumlinda mtu asikosolewe kwa sababu ya rangi yake nako ni kumtazama rangi kwanza.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwakemea watu wa Liverpool ukiwa Kashai, mjini Bukoba.

Tarehe 19 Mei 2018 Kagera Sugar yetu ilikwenda Uwanja wa Taifa Dar es Salaam kama mgeni mwalikwa kwenye sherehe ya watu. Simba tayari ni bingwa, haijapoteza mechi msimu mzima, Rais Magufuli yuko jukwaani kukabidhi kombe. Edward Christopher akaharibu sherehe kwa bao la dakika za mwisho. Simba wakapata penalti. Akasogea Emmanuel Okwi wa Uganda, mfungaji bora wa msimu ule kwa mabao 20, na langoni kasimama Juma Kaseja. Kaseja akaokoa. Mpira ulipokwisha Rais naye akawaambia Simba wazi kwamba kwa kiwango kile wasitarajie kombe la Afrika. Ukali mtupu, mbele ya umma, na wala sikuona kosa lake: alizungumzia mpira aliouona.

Lakini kesho yake, kwenye benchi la bodaboda pale Rwamishenye, maelezo ya ile penalti yalianza na neno "Mganda". Mganda kauza. Hakuna aliyesema Okwi alipiga upande gani. Hakuna aliyemtaja Kaseja, kipa wetu wenyewe, aliyefanya kazi ya maana kuliko zote siku ile! Na wasemaji ni watu wa Kagera, wanaovuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda kwenye harusi na misiba ya ndugu zao.

Kuuza mechi ni kosa, lipo duniani, na TFF ipo na TAKUKURU ipo. Mwenye ushahidi aupeleke. Nilichogundua mimi katika miaka ya kupokea simu zenu ni kwamba tuhuma hii ina mpangilio wake. Humwangukia mgeni kwanza. Akikosekana mgeni, humwangukia kipa. Kipa akiponyoka, hutafutwa aliyewahi kuchezea timu pinzani. Mzawa kipenzi cha watu akikosa bao la wazi, ni bahati mbaya, au jua lilikuwa machoni.

Mkoa huu ungepaswa kuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kusaka wahamiaji haramu, watu wetu walijifunza maana ya kutazamwa pua na urefu kwanza, karatasi baadaye. Na Mhaya akitoka nje ya mkoa anakuta jina la "nshomile", yaani mtu wa kujivunia usomi, limeshafika kabla yake. Kiungo wa kutoka Kamachumu akimuuliza kocha kwa nini anapangwa pembeni wakati yeye ni wa katikati, jibu si la mpira. Anaambiwa aache unshomile. Tunacheka, waitu, kwa sababu tumeuzoea utani huo na wengine tunaupalilia wenyewe. Ila kijana yule aliuliza swali la kiufundi na hakujibiwa.

Niguse na hili la uraia. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh aliyetoka Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, walipewa uraia wa Tanzania, na nchi ikagawanyika. Kuuliza kama sheria ilifuatwa ni haki ya kila raia, na swali hilo lina mlango wake, Idara ya Uhamiaji. Kumzomea Camara akiwa anapiga kona kwa sababu ya majibu ya Uhamiaji ni kumtwika mtu mzigo wa ofisi.

Kuna watakaosema shabiki kalipa kiingilio, mwacheni atoe sumu. Nawaelewa, mpira wa kimya ni msiba. Kagera Sugar iliposhuka daraja msimu wa 2024/25 nani hakufoka? Lakini kule Valencia, uwanja wa Mestalla, Mei 2023, mashabiki walimtolea Vinícius Júnior wa Real Madrid matusi ya rangi, na Juni 2024 watatu kati yao wakahukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kwa mambo ya uwanjani nchini Hispania. Kusema Vinícius anajirusha ovyo, au anagombana na marefa mpaka anaisahau mechi, hakuna hakimu atakayekuita. Semeni, mimi mwenyewe nimesema.

FIFA nayo ina hatua zake tatu: refa asimamishe mechi, wakiendelea awatoe wachezaji nje kwa muda, wakiendelea tena avunje mchezo. Vizuri. Ila hatua hizo zimetungwa kwa viwanja vyenye kamera na askari wa kutosha. Mechi nyingi zinazochezwa Muleba na Bukoba Vijijini ni za ndondo, za kugombea mbuzi au jezi, refa kaja kwa pikipiki, na watazamaji wamesimama juu ya mstari.

Kwenye mechi hizo nimeona kejeli haitoki kwa watazamaji kwanza. Inatoka kwa MC. Ana spika mbili na jenereta, analipwa kuchangamsha, na kitu chepesi kuliko vyote kuchangamshia ni sura ya mtu. Mweusi sana anapewa jina. Mfupi anapewa jina. Kijana mwenye ualbino akigusa mpira, MC anataja ngozi yake kwenye spika na uwanja mzima unaangua kicheko. Na Muleba hii ni wilaya ambayo Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao huko Kamachumu, akaja kupatikana Juni ameuawa, viungo vimekatwa. Mwaka 2008, mauaji ya namna hiyo yalipokuwa yamepamba moto, watu wenye ualbino Dar es Salaam waliunda timu yao, Albino United, ili waonekane wakicheza mchana kweupe mbele ya watu. Waliingia uwanjani ili wahesabiwe mabao na makosa kama wengine. MC wa ndondo anawarudisha kwenye ngozi kwa sentensi moja, na mwenye mashindano kamlipa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nasema na waandaaji, maana mnanisikiliza, na baadhi yenu huwa mnakuja hapa kutangaza mashindano yenu. Refa ana filimbi na anaweza kusimamisha mchezo hata kama hana kamera. Kapteni anaweza kumfuata refa. Lakini MC ni wenu, mmemkodi ninyi. Makubaliano naye ni ya mdomo, najua, na malipo ni nusu kabla ya mechi na nusu baada. Mwambieni mapema ataje majina ya wachezaji, namba zao na wanachofanya na mpira, na ile nusu ya pili muishike mpaka filimbi ya mwisho.